Tundu Katika Chuma

ELIMU YA WATU WAZIMA KWA REDIO
Kazi za Mikono: Somo la 14

(Maneno haya yamechapwa kama yalivyosemwa katika redio. Vikundi vya kusikiliza vinaombwa kuyasoma tena kwa sauti, kila mtu kwa zamu yake, kabla ya kujibu maswali yaliyo mwisho wa somo.)

MWALIMU: Hamjambo, ndugu wasikilizaji. Karibuni tena darasani. Kaeni karibu na redio, na kila mtu awe na daftari na penseli. Katika somo lililopita tulijifunza habari ya tupa, na jinsi ya kunyoosha ukingo wa chuma. Somo la leo ni habari ya tundu. Pengine mmoja wenu anacheka na kusema, "Tundu nalo lina somo gani? Tundu si mahali pasipo na kitu?" Ngoja kwanza, ndugu. Tuna barua hapa. Imetoka kwa kikundi kimoja cha wasikilizaji, nami nitaisoma polepole.

"Mwalimu, salaam. Sisi tulitengeneza mlango wa ghala letu. Mbao tulipata nzuri. Bawaba tulizitengeneza wenyewe kwa bamba la chuma lenye unene wa milimita 4. Matundu ya skrubu tuliyatoboa kwa tindo na nyundo, chuma kikiwa kimekolea moto. Mlango ulisimama vizuri, lakini haukukubali kufunga sawasawa. Ulibaki wazi kiasi cha kidole kimoja, ikawa lazima kuusukuma kwa bega. Baada ya miezi mitatu bawaba ya juu ilikatika, mlango ukaanguka, na ulikuwa karibu kumwangukia mtunza ghala. Skrubu zilikuwa nzima. Mbao zilikuwa nzima. Tulikosea wapi?"

Basi leo nimemwalika fundi wa chuma atujibu. Shikamoo, Fundi.

FUNDI: Marahaba, Mwalimu. Hamjambo, wanafunzi.

MWALIMU: Umeisikia barua. Walikosea wapi?

FUNDI: Walikosea katika matundu. Wala si kosa moja, ni makosa matatu. La kwanza, walitoboa kwa tindo. La pili, nadhani waliweka matundu karibu mno na ukingo wa bamba. La tatu, hawakupanua midomo ya matundu, na vichwa vya skrubu vikabaki nje. Makosa hayo matatu yalisaidiana kuuangusha mlango. Nitayaeleza moja moja.

MWALIMU: Haya, tuanze na chombo chenyewe. Mtu akitaka kutoboa chuma, atumie nini?

FUNDI: Atumie keke. Neno hili ni la zamani pwani yetu. Keke ya babu zetu ilikuwa na sehemu nne. Kijembe ni kile chuma chenye makali, kinachotoboa. Kijembe kilitiwa katika kipande cha mti cha mviringo, nacho kiliitwa msukano. Juu ya msukano palikuwa na kishikio, nacho kiliitwa jivu. Halafu palikuwa na uta wenye kamba. Kamba ilizungushwa katika msukano, na fundi alivuta uta mbele na nyuma, msukano ukazunguka. Mafundi wa majahazi walitoboa mbao kwa keke kwanza, ndipo wakapiga misumari, ili ubao usipasuke. Na ule mtepe wa Lamu, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila misumari, mbao zake zilitobolewa matundu mengi ya kupitishia kamba.

MWALIMU: Kwa hiyo hata babu zetu walijua kwamba msumari hauruhusiwi kujitafutia njia wenyewe.

FUNDI: Walijua sana. Lakini keke ile huenda mbele na kurudi nyuma, na hukwangua tu. Kwa mti inafaa. Kwa chuma kinene utachoka. Chombo cha leo huzunguka upande mmoja tu, nacho hukata. Mashine yenyewe mafundi huiita drili. Iko ya kuzungushwa kwa mkono, iko ya umeme ya kushikwa mkononi, na iko kubwa ya kusimama juu ya meza. Kile chuma kinachokata huitwa biti. Na ule mdomo wa mashine unaoishika biti huitwa chaki.

MWALIMU: Chaki! Wanafunzi, si chaki hii ya ubaoni.

FUNDI: Siyo. Majina yamefanana tu.

MWALIMU: Tueleze biti. Wengi wetu tumeiona, lakini hatukuitazama.

FUNDI: Ishike mkononi uitazame kama unavyotazama sarafu. Sehemu ya juu ni shina, nayo ni laini na mviringo. Hiyo ndiyo inayoshikwa na chaki. Sehemu ya kati ina mifereji miwili iliyojisokota kama kamba. Kazi ya mifereji hiyo ni kutoa nje vipande vya chuma vilivyokatwa, na kuyaachia mafuta njia ya kushuka chini. Mmarekani mmoja, Stephen Morse, ndiye aliyepata hati ya uvumbuzi wa biti ya namna hii mwaka 1863. Sehemu ya chini ni ncha, na hapo pana makali mawili. Makali hayo ndiyo yanayofanya kazi. Mengine yote ni wasaidizi.

MWALIMU: Makali mawili. Andikeni.

FUNDI: Na makali hayo lazima yalingane. Moja likiwa refu kuliko jingine, biti itayumba, na tundu litakuwa kubwa kuliko biti yenyewe. Ukitaka tundu la milimita 5, utapata la 5 na zaidi, nawe utaikasirikia mashine bure. Kosa ni la aliyeinoa.

MWALIMU: Biti zote zimetengenezwa kwa chuma cha namna moja?

FUNDI: Hapana. Ziko za chuma cha pua cha kawaida. Hizo zikipata moto mwingi hulainika, na hazikati tena. Ziko nyingine zenye herufi HSS katika shina. Hizo ni za chuma cha pua kinachostahimili moto wa kazi ya haraka. Kwa kutoboa chuma, tafuta zenye herufi hizo.

MWALIMU: Sasa tuitengeneze bawaba ya barua hii upya. Tunalo bamba la milimita 4, na skrubu za mti zenye unene wa milimita 5. Tufanye nini kwanza?

FUNDI: Kwanza, pima na utie alama. Chora mistari miwili inayokatana kwa kalamu ya chuma. Pale inapokatana ndipo kitovu cha tundu. Lakini usikaribie ukingo. Kanuni yangu ni hii: toka kitovu cha tundu mpaka ukingo wa bamba, pawe na angalau mara mbili ya upana wa tundu. Tundu letu litakuwa na upana wa milimita 5 na nusu. Mara mbili ni 11. Basi kitovu kiwe mbali na ukingo milimita 11, au zaidi.

MWALIMU: Kwa nini tundu ni 5 na nusu, na skrubu ni 5?

FUNDI: Ili skrubu ipite bila kulazimishwa. Inayoshika ni mti. Kazi ya bamba ni kubanwa na kichwa cha skrubu.

MWALIMU: Vema. La pili?

FUNDI: Pili, piga alama kwa panchi. Panchi ni chuma kifupi chenye ncha kali. Isimamishe wima juu ya kitovu, upige nyundo mara moja. Utapata kishimo kidogo. Bila kishimo hicho, ncha ya biti itateleza juu ya chuma kama mtu avaaye viatu vipya juu ya sakafu iliyolowa. Itaanza mahali pengine, na matundu yako hayatakuwa katika mstari.

Tatu, bana bamba. Lisishikwe kwa mkono! Litie katika jiliwa, au lifunge juu ya meza kwa vibanio, na chini yake weka kipande cha mti. Hatari kubwa iko mwisho wa tundu, pale biti inapotokea upande wa pili. Hapo makali hukwama ghafula katika chuma kidogo kilichobaki, na biti hulizungusha bamba zima. Bamba linalozunguka ni panga. Nimewaona watu waliokatwa vidole kwa namna hiyo.

MWALIMU: Tafadhali mwalimu wa kila kikundi aandike ubaoni: BANA BAMBA KWANZA. Endelea, Fundi.

FUNDI: Nne, chagua mwendo. Watu wengi hudhani kwamba kuzungusha mbio ndiko kumaliza upesi. Sivyo. Biti nene huhitaji mwendo wa polepole, na biti nyembamba huhitaji mwendo wa haraka. Kwa chuma laini na biti ya HSS, fanya hesabu hii nyepesi. Chukua 8000, ugawanye kwa upana wa biti kwa milimita. Jibu ni mizunguko kwa dakika moja.

MWALIMU: Hesabu hiyo tuifanye pamoja. Biti ya milimita 5: 8000 gawanya kwa 5.

FUNDI: 1600.

MWALIMU: Biti ya milimita 10?

FUNDI: 800. Na ya milimita 20 ni 400. Mnaona? Upana ukiongezeka mara mbili, mwendo unapungua kwa nusu. Sababu ni kwamba ukingo wa biti nene husafiri njia ndefu katika kila mzunguko. Kwa drili ya kuzungushwa kwa mkono hutafika mizunguko hiyo, wala si neno. Utachelewa tu, biti haitaharibika.

Tano, tia mafuta. Kwa chuma laini, mafuta ya kukatia. Kwa shaba nyeupe na kwa chuma cha kusubu, toboa kikavu. Kwa aluminiamu, mafuta ya taa kidogo yatosha. Mafuta hupunguza joto, na biti iliyopoa huishi muda mrefu. Vipande vitokavyo vikianza kuwa rangi ya buluu, chuma kinapata moto: punguza mwendo, ongeza mafuta. Biti ikianza kulia, isimamishe. Haina makali.

Sita, sukuma kwa nguvu inayotosha biti kula chuma, lakini karibu na mwisho punguza nguvu. Na tundu likiwa kubwa, tuseme milimita 12, anza na biti nyembamba ya milimita 4. Katikati kabisa ya ncha ya biti nene hapana makali. Pale husugua tu. Tundu dogo la kwanza huiondolea kazi hiyo.

MWALIMU: Sasa tundu limetoboka. Tumekwisha?

FUNDI: La! Sasa ndipo tumefika nusu. Pitisha kidole karibu na mdomo wa tundu, lakini kwa uangalifu. Utasikia meno madogo ya chuma yamejitokeza, hasa upande wa chini. Meno hayo hukata ngozi. Tena huzuia bamba lisilale sawa juu ya ubao. Lazima yaondolewe. Na hapa kinaingia chombo cha pili cha somo letu, nacho ni kauntasinki.

MWALIMU: Jina refu. Lisemeni pamoja: ka-u-nta-si-nki. Ni kitu gani?

FUNDI: Ni biti fupi, nene, yenye kichwa kama pia ya watoto, pana juu na ncha chini. Kazi yake ni kupanua mdomo wa tundu, uwe kama faneli ya kumiminia mafuta. Tazama skrubu ya bawaba. Kichwa chake juu ni bapa, na chini yake kimechongoka mpaka kwenye shina. Kichwa cha namna hiyo kimetengenezwa kikae ndani ya faneli. Ukikiweka juu ya tundu lisilopanuliwa, kitabaki nje.

MWALIMU: Na hili ndilo kosa la tatu la wenzetu.

FUNDI: Ndilo. Sasa fikirini bawaba. Ina mabawa mawili. Mlango ukifungwa, mabawa hayo hulaliana uso kwa uso. Kama kichwa cha skrubu kimejitokeza milimita mbili, bawa moja litagota kichwa hicho kabla ya mlango kufunga. Nao wakausukuma kwa bega. Mlango ni mrefu, bega liko mbali na bawaba, kwa hiyo mlango wote unakuwa kama mtaimbo unaoing'oa bawaba. Kila siku, asubuhi na jioni, kwa miezi mitatu. Skrubu hazikutoka, mti ulikuwa mzuri. Basi kilichokatika ni chuma, na kilikatika palipo dhaifu, kwenye tundu.

MWALIMU: Kumbe vichwa vidogo vya skrubu ndivyo vilivyouangusha mlango mzima! Mdharau mwiba, mguu huota tende.

FUNDI: Ndivyo hasa.

MWALIMU: Tuonyeshe basi namna ya kupanua mdomo wa tundu.

FUNDI: Kwanza chagua pembe. Skrubu nyingi za vipimo vya milimita zina kichwa cha nyuzi 90. Nyuzi 90 ni kona ya ukurasa wa daftari. Shika kauntasinki yako kando ya kona ya daftari. Ikilingana nayo, ni ya nyuzi 90. Skrubu za inchi za Marekani nyingi ni nyuzi 82, yaani zimechongoka zaidi kidogo. Ribiti za kichwa bapa za ndege huwa nyuzi 100. Kichwa na faneli lazima viwe na pembe moja, kama mguu na kiatu.

MWALIMU: Wengine husema, "Sina kauntasinki, nitatumia biti nene."

FUNDI: Najua, na wengi hufanya hivyo. Lakini ncha ya biti ya kawaida ina nyuzi 118. Hiyo ni pana kuliko kona ya daftari. Kichwa cha skrubu cha nyuzi 90 kikikaa humo, kitagusa chini tu, katika mstari mwembamba wa mviringo. Juu yake pana nafasi tupu. Nguvu yote hubebwa na mstari ule. Leo skrubu imebana, kesho inalegea. Tena biti nene katika bamba jembamba hukwama na kurukaruka, na mdomo wa tundu huwa na pembe pembe badala ya mviringo.

MWALIMU: Tumepata kauntasinki ya nyuzi 90. Tuzamishe kiasi gani?

FUNDI: Hesabu nyingine nyepesi. Kwa pembe ya nyuzi 90, kila milimita moja unayoshuka, mdomo hupanuka milimita mbili. Kichwa cha skrubu yetu kina upana wa milimita 10. Tundu lina milimita 5 na nusu. Toa: inabaki 4 na nusu. Gawanya kwa mbili: 2 na robo. Basi tutashuka milimita 2 na robo. Bamba lina milimita 4, kwa hiyo chini ya faneli inabaki milimita moja na robo tatu ya tundu lililonyooka. Hiyo yatosha. Kanuni ni kwamba faneli isizidi theluthi mbili za unene wa bamba. Ukishuka mpaka chini kabisa, mdomo wa pili wa tundu utakuwa mwembamba kama wembe, nao utapasuka.

MWALIMU: Na asiye na kipimo cha robo milimita?

FUNDI: Ageuze skrubu juu chini, aweke uso wa kichwa chake juu ya mdomo wa tundu. Upana wa mdomo ukilingana na upana wa kichwa, imetosha. Halafu aitie skrubu na kupitisha ukucha juu yake. Ukucha usikwame. Kichwa kikiwa chini kidogo ya uso wa bamba si vibaya. Kikiwa juu, ongeza kidogo.

Mwendo wa kauntasinki uwe wa polepole sana, kama theluthi moja ya mwendo wa biti yenye upana huo. Kwa milimita 10 tulisema 800. Basi chukua mizunguko 250 hivi. Ukienda mbio, chombo kitatetemeka na kuacha mawimbi katika chuma. Kauntasinki ziko za meno mengi, ziko za meno matatu, na ziko zisizo na meno ila zina tundu moja la mshazari lililopita kichwani, na ukingo wa tundu hilo ndio unaokata. Hizi za mwisho hutulia sana na huacha uso laini. Na usisahau kuligeuza bamba. Upande wa pili gusa kidogo tu kwa kauntasinki, mzunguko mmoja au miwili, kuondoa yale meno.

MWALIMU: Umesema chuma kilikatika kwenye tundu kwa kuwa ndipo palipo dhaifu. Kwa nini tundu hudhoofisha? Si limetoa chuma kidogo tu?

FUNDI: Swali zuri. Fikirini mto unaotiririka, na katikati yake nguzo. Maji hayawezi kupita ndani ya nguzo, kwa hiyo hubanana pembeni na kwenda kwa nguvu. Nguvu inayopita katika bamba ni hivyo hivyo. Haiwezi kupita katika tundu, kwa hiyo hubanana ubavuni mwa tundu. Mwaka 1898 mhandisi Mjerumani aitwaye Kirsch alionyesha kwa hesabu kwamba ubavuni mwa tundu la mviringo katika bamba pana linalovutwa, mkazo ni mara tatu ya mkazo ulio mbali na tundu.

MWALIMU: Mara tatu!

FUNDI: Mara tatu, nalo ni tundu safi, laini. Sasa mtu akitoboa kwa tindo, ukingo wa tundu huwa umeraruka, una nyufa ndogo zisizoonekana. Mkazo wa mara tatu ukikutana na ufa, ufa huanza kutembea. Hautembei kwa siku moja. Kila mlango ukisukumwa, unakwenda kidogo sana. Chuma huchoka, ndugu zangu, kama mtu anavyochoka.

MWALIMU: Jambo hili limetokea hata katika kazi kubwa kuliko mlango wa ghala, nami nitawasimulia kisa chake. Tarehe 2 Mei 1952 ndege iitwayo Comet ilianza safari ya kwanza duniani ya abiria wenye kulipa nauli katika ndege ya jeti. Ilitoka London kwenda Johannesburg, na njiani ilitua hata Entebbe, Uganda. Ilikwenda mbio na juu sana, na watu waliistaajabia. Lakini tarehe 10 Januari 1954 Comet moja ilipasuka angani baada ya kuondoka Roma, ikaanguka baharini karibu na kisiwa cha Elba. Watu 35 walikufa. Tarehe 8 Aprili mwaka ule ule nyingine ilianguka katika bahari ya Italia, wakafa watu 21.

Wataalamu wa Uingereza waliokota vipande baharini. Tena walichukua Comet nyingine nzima, wakaizamisha mwili wake katika tangi la maji huko Farnborough, wakawa wanaijaza maji kwa nguvu na kuyalegeza, tena na tena, kama vile inaruka na kutua. Baada ya safari 3057, zile za kweli alizoruka zamani pamoja na zile za ndani ya tangi, mwili ulipasuka. Walijua sasa. Chuma kilikuwa kimechoka. Mkazo ulikuwa mkubwa mno kwenye kona za madirisha, na nyufa zilianzia kwenye matundu madogo ya kufungia, karibu na kona hizo.

FUNDI: Na bamba lile la ndege ni jembamba sana. Hakuna nafasi ya kusamehe kosa.

MWALIMU: Comet iliundwa upya, yenye mwili wa nguvu zaidi. Mwaka 1960 shirika la East African Airways, lililokuwa shirika la ndege la nchi zetu hadi mwaka 1977, lilianza kurusha Comet 4, na watu wetu walisafiri ndani yake. Basi msemo wa wazee, usipoziba ufa utajenga ukuta, mafundi wa ndege nao waliujifunza kwa machungu. Fundi, kabla ya kuagana, tupe sheria za usalama.

FUNDI: Ni chache, lakini kila moja imeandikwa kwa damu ya mtu. Vaa miwani. Usivae glavu mbele ya biti inayozunguka. Itazivuta pamoja na mkono. Funga kanga, kunja mikono ya kanzu, vua tai, na nywele ndefu zifungwe. Ondoa ufunguo wa chaki kabla ya kuwasha mashine. Vipande vya chuma viondoe kwa brashi, mashine ikiwa imesimama. Usivishike wala usivipulize kwa mdomo, vitaingia machoni. Na bamba likikuponyoka likaanza kuzunguka na biti, usilidake. Zima mashine.

MWALIMU: Na wenzetu walioandika barua, wafanye nini leo?

FUNDI: Wasipige tupa vichwa vya skrubu ili vilale. Watamaliza mfuo wa bisibisi, na kichwa kitakuwa dhaifu. Na ile bawaba ya chini ambayo haijakatika, wasiiamini. Nayo ina nyufa. Waondoe zote mbili, wakate mabamba mapya, wayatoboe kwa biti, mbali na ukingo, wapanue midomo ya matundu kwa kauntasinki. Ni kazi ya asubuhi moja. Wakimaliza, mlango utafungika kwa kidole.

MWALIMU: Ahsante sana, Fundi. Wanafunzi, tukumbuke hatua zetu: pima, piga panchi, bana, chagua mwendo, tia mafuta, toboa, panua mdomo, ondoa meno, jaribu kwa ukucha. Katika somo lijalo tutasoma habari ya ribiti. Mpaka wakati huo, kwaherini.

FUNDI: Kwaherini.

MANENO YA KUKUMBUKA

Biti: chuma chenye makali kinachotoboa.
Chaki: mdomo wa mashine unaoshika biti.
Drili: mashine ya kuzungusha biti.
Jiliwa: chombo cha kubania kitu juu ya meza ya kazi.
Kauntasinki: biti ya kupanua mdomo wa tundu ili kichwa cha skrubu kizame.
Panchi: chuma chenye ncha cha kupigia alama ya kitovu.
Tindo: patasi ndogo ya kukatia chuma.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Mlango wa ghala ulianguka kwa sababu gani? Taja makosa matatu.
2. Biti ya milimita 8 izunguke mara ngapi kwa dakika katika chuma laini?
3. Kichwa cha skrubu kina upana wa milimita 8, na tundu lina milimita 4. Kauntasinki ya nyuzi 90 ishuke milimita ngapi? Je, bamba la milimita 3 linatosha kwa skrubu hiyo?
4. Kwa nini biti nene haifai kufanya kazi ya kauntasinki?
5. Kwa nini glavu ni hatari mbele ya drili?

KAZI YA NYUMBANI

Tazama bawaba za mlango wako. Pitisha ukucha juu ya kila kichwa cha skrubu. Andika katika daftari ni vingapi vimelala sawa, na ni vingapi vimejitokeza. Tazama pia kama pana ufa kando ya tundu lolote. Ukiona ufa, usingoje somo lijalo.

(Majibu ya hesabu: swali la 2 ni mizunguko 1000, swali la 3 ni milimita 2, na bamba la milimita 3 linatosha, kwa kuwa 2 ni theluthi mbili za 3.)